Binti yangu amefeli, lakini wamempandisha mwaka. Chuo gani hiki?

BARUA

Shangazi,

Nakuita Shangazi kama wanavyokuita wasomaji wengine, ingawa huenda mimi ndiye mkubwa. Ni mkulima wa viazi hapa Isongole, Rungwe. Nina watoto watano, na wa tatu, binti, ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuvuka kidato cha sita. Yuko chuo kimoja hapo Mbeya mjini, anasomea uhasibu, digrii ya miaka mitatu. Bodi ya Mikopo inamlipia sehemu, sehemu nalipa mimi kwa viazi. Mwaka ambao ukungu umekula shamba, nalipa kwa mifugo.

Mambo ya chuo hayaniingii akilini. Sekondari nilikuwa naelewa. Kidato cha nne alipata divisheni ya pili ya pointi 19, kidato cha sita divisheni ya pili ya pointi 10. Kila mzazi anajua kwamba pointi zikipungua ndipo mtoto amefanya vizuri. Basi mwezi wa nane akaja likizo, na kijana wa mdogo wangu mwenye steshenari pale Tukuyu akamchapia karatasi ya matokeo ya muhula. Nikaishika, nikatazama chini kabisa, nikaona GPA 2.9. Pointi mbili na kitu! Nikachinja jogoo. Tulikuwa tumeshamla nusu ndipo jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, akanieleza kwamba GPA ni wastani wa alama, na chuoni mambo ni kinyume, anayeongoza ana tano.

Nikarudi kwenye karatasi. Kozi zilikuwa sita. Moja ina D, nyingine haina maksi kabisa, imeandikwa I. Nikamuuliza, mwanangu, umefaulu au umefeli? Akasema, "Baba, nina sapu moja na inkompliti moja." Nikamuuliza, umekuwa wa ngapi? Akasema chuoni hakuna wa ngapi. Swali hilo nimewauliza watoto wangu wote tangu darasa la kwanza, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba halina jibu. Nikaona ananificha.

Mwezi wa tisa akarudi chuoni kufanya hiyo sapu, yaani mtihani wa marudio. Anasema alipata 71. Lakini kwenye matokeo wamemwandikia C. Mwenzake aliyepata 71 kwenye mtihani wa kwanza ana A. Jirani anasema huo ni wizi, na mimi ninayefungiwa lumbesa na madalali kila msimu sina shida ya kuamini kwamba mtu anaweza kuibiwa mchana kweupe.

Ajabu zaidi, mwezi huu ameandikishwa mwaka wa tatu. Mtoto ana kozi moja haina maksi, na amepanda! Darasa la nne ukifeli unarudia. Kidato cha pili ukifeli unarudia. Jirani anasema chuo kinataka ada tu, kitampandisha hadi amalize, kisha kimpe karatasi isiyo na kazi.

Sasa lililonifanya niandike. Ile kozi yenye I, binti anasema hana maksi za testi moja. Kuna bwana amempigia simu, anajiita mtu wa mitihani, anataka shilingi 180,000 "azitafute maksi kwenye mfumo". Bila hivyo, anasema, binti atapata disko, yaani atafukuzwa chuo. Anataka zitumwe kwa simu, na jina linalotokea kwenye namba ile si alilojitaja. Binti analia. Mama yake anasema tuuze mtamba. Binti mwenyewe anasema bora aisome kozi hiyo upya mwakani pamoja na wadogo zake, wanaita kari. Nikikataa kutoa na mtoto akafukuzwa, nitajibu nini nyumbani?

Nilipiga chuoni kuuliza maendeleo yake. Dada aliyepokea akaniambia matokeo ya mwanafunzi hayatolewi kwa simu, hata kwa mzazi. Mimi ninayelipa ada!

Naongeza jambo moja ambalo labda halina uzito. Mwezi wa tano mama yangu mzazi alifariki. Nikampigia binti aje, maana yeye ndiye aliyelelewa na bibi. Alikaa nasi tangu mazishi mpaka tukaanua matanga. Tangu hapo hakuwa yule yule. Pengine ndiyo sababu ya ile D, sijui.

Niambie, ananidanganya? Na huyo bwana nimpe?

Baba wa Isongole

MAJIBU YA SHANGAZI

Kaka yangu wa Isongole, ndaga kwa barua yako, na poleni sana kwa msiba wa mama.

Nianze na hela, maana ndizo zenye haraka. Usitume. Hata elfu kumi ya "kuanzia" usitume. Mtamba mwacheni zizini.

Nilifanya kazi ofisi ya mitihani ya chuo kimoja hapa Iringa mpaka nilipostaafu, kwa hiyo nikueleze safari ya maksi moja. Mwalimu wa kozi anasahihisha, anaandika, anaipeleka idarani. Idara inakaa kikao na kupitia kozi moja baada ya nyingine. Vyuo vyetu pia huita watahini wa nje, yaani walimu wa vyuo vingine, waje wasome mitihani na baadhi ya majibu ya wanafunzi waone kama usahihishaji ulikuwa wa haki. Baada ya hapo matokeo yanakwenda kwenye bodi ya kitivo, na mwisho Seneti, kikao kikuu cha taaluma cha chuo, ndiyo inayoyapitisha. Kabla ya Seneti, unachokiona kwenye akaunti ya mwanafunzi ni matokeo ya awali tu. Baada ya Seneti, kubadilisha herufi moja kunahitaji barua, sababu, na sahihi za watu kadhaa. Mtu anayesema ataingia "kwenye mfumo" na kuitafuta maksi kwa 180,000 ama hana uwezo huo na anakula hela yako bure, ama anao, na hapo mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu atakachokifanya ni kughushi. Ukaguzi ukipita miaka miwili baadaye, anayenyang'anywa digrii ni binti yako. Yule bwana utamtafuta wapi?

Ipo njia rahisi ya kumjua mtu wa namna hii. Malipo halali ya chuo, iwe ada, iwe rufaa ya mtihani, iwe cheti kilichopotea, hupitia kontro namba, yaani namba maalumu ya malipo unayopewa na chuo, au akaunti ya benki yenye jina la chuo, na unapewa risiti. Hakuna ofisi ya mitihani inayopokea kwa namba ya simu ya mtu, tena yenye jina la mtu mwingine. Muulize akupe kontro namba, uone atakavyokata simu.

Kuna jambo jingine nitakwambia kama dada, na ulisikie vizuri. Mtu anayempigia msichana wa chuo na kumtisha kwa disko haachi kwenye hela. Leo ni laki na themanini, kesho atasema hela hazitoshi, waonane. Hiyo ni rushwa ya ngono, na sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 imeitaja waziwazi kuwa ni kosa. Msimwachie mtoto apambane na simu hizo peke yake. Aache kupokea, atunze meseji zote asifute hata moja, na mpige TAKUKURU namba 113, ni bure. Chuoni pia siku hizi kuna dawati la jinsia, na yupo Mshauri wa Wanafunzi. Aende na rafiki yake, asiende peke yake.

Haya, sasa ile I.

Umeandika kwamba jambo la msiba labda halina uzito. Kaka, mimi naona ndilo jibu la barua yako nzima. Muhula wa pili kwenye vyuo vyetu unaanza kama mwezi wa tatu, na mwezi wa tano ndio wa testi na asaimenti. Binti alikuwa Isongole akimzika bibi yake. Testi ikafanyika Mbeya bila yeye. Mwalimu alipofika kujaza alama akakuta pengo, na pengo lenyewe ndilo linaloandikwa I. Herufi hiyo haina maana kwamba amefeli. Ina maana kwamba hesabu ya kozi hiyo haijakamilika.

Ujue kwamba chuoni mtihani wa mwisho si kila kitu. Vyuo vingi hapa Tanzania vinagawa alama 100 za kozi mafungu mawili: 40 ni za kazi za muhula, yaani testi, asaimenti, semina na mafunzo ya vitendo, zile wanafunzi wanaita kosiwaki. Sitini ndizo za mtihani wa mwisho wa muhula, wanauita UE. Wazo hili si geni nchini. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lililalamikia sana mtindo wa mtihani mmoja wa kuandika kuamua maisha ya mtoto, na kuanzia hapo kazi za mwaka mzima zikaanza kuhesabiwa mashuleni. Uzuri wake ni kwamba mtoto aliyeumwa siku ya mtihani haanguki na kila kitu. Ubaya wake unaupata wewe sasa: asipokuwepo wiki moja ya mwezi wa tano, deni linamsubiri mwezi wa nane.

Deni hilo linalipwa kwa karatasi. Kanuni za vyuo zinajua kwamba watu wanaugua na watu wanafiwa. Mwanafunzi aliyekosa testi kwa sababu inayokubalika huruhusiwa kuomba testi nyingine, na aliyekosa UE huomba mtihani maalumu. Anachotakiwa ni kuthibitisha. Kwa hiyo nenda kwa mtendaji wa kijiji, mwombe barua yenye mhuri ikitaja marehemu, tarehe ya kifo na ya mazishi, uhusiano wa marehemu na mwanafunzi, na siku binti alizokuwa nyumbani. Kama mna kibali cha mazishi, toa nakala. Binti aandike barua yake kwa mkuu wa idara kupitia kwa mwalimu wa kozi, aambatanishe hizo, apeleke kwa mkono, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo asiipoteze. Nimeona vijana wengi wanapeleka barua nzuri kabisa, barua inapotea mezani kwa mtu, na mwanafunzi hana hata alama ya kuonyesha kwamba aliwahi kuandika.

Je, amechelewa? Kidogo. Ilitakiwa aombe ruhusa kabla ya kupanda gari kuja Isongole, au apeleke taarifa mara tu aliporudi. Mtoto aliyefiwa na bibi aliyemlea hakumbuki fomu, hilo naelewa, na wakuu wa idara wengi ni watu wazima wanaoelewa pia. Lakini I haikai milele. Chuo huweka muda, na ukiisha kozi inahesabiwa kama imeshindwa, kisha inakuwa sapu au kari kama anavyosema mwenyewe. Binti yako hajakudanganya hata kidogo. Amekata tamaa mapema tu.

Kuhusu D na ile C ya sapu, hapo sina habari njema. D ni kozi ambayo hakufikia alama ya kufaulu. Katika kipimo kinachotumiwa na vyuo vingi, A inaanzia 70, B+ ni 60 hadi 69, B ni 50 hadi 59, C ni 40 hadi 49, na chini ya 40 umekamatwa. Kuna vyuo, hasa vya afya, vinavyoanzia juu zaidi, kwa hiyo kitabu cha kanuni cha chuo chake ndicho cha kufuata. Aliyepata D anapewa nafasi ya pili, ndiyo sapu. Na kanuni ya sapu karibu kila mahali ni moja: hata ukipata 71, hata 95, utaandikwa C. Aliyepata 71 mwezi wa saba aliipata pamoja na mitihani mingine mitano ndani ya wiki mbili. Wa mwezi wa tisa alikuwa na mtihani mmoja na miezi miwili ya kusoma. Ndiyo hoja ya wakubwa. Mimi binafsi naona ni kali mno kwa mtoto aliyepata 38 mara ya kwanza, lakini si wizi. Imeandikwa, na inampata kila mtu.

Hapa angalia tofauti moja ambayo wazazi wengi hawaijui. Mtihani maalumu si sapu. Mwanafunzi aliyeomba ruhusa kabla ya UE kwa sababu ya ugonjwa au msiba, akakubaliwa, akaufanya baadaye, anapata alama zake zote kama mtu aliyefanya mara ya kwanza. Angepata 71, angeandikwa A. Binti yako angeweza kuomba kuahirisha ule mtihani mwezi wa saba kama aliona akili haijatulia. Lakini aliingia chumbani akaandika, na ukishaingia ukaandika, vyuo vingi havikubali tena kusikia habari za msiba. Kwa hiyo ile C iacheni. Msikate rufaa juu yake, mtalipia bure. Nguvu zote ziende kwenye I.

Sasa swali lako la kupanda. Shule ya msingi na sekondari zinampima mtoto kwa darasa. Akishindwa, darasa zima linarudiwa, hata masomo aliyofaulu. Chuo kinapima kozi kwa kozi. Aliyefaulu kozi tano na kubakiza moja hana sababu ya kuzikalia zile tano mwaka mzima na kuzilipia tena. Anapanda, na ile moja anaibeba, anaisoma itakapofundishwa tena, akikaa darasani na waliomfuata. Hiyo ndiyo kari. Mara nyingine kari inachelewesha mtu kuhitimu, hasa ikiwa ni kozi ya mwaka wa mwisho, au ni kozi ambayo nyingine zimejengwa juu yake. Na ipo mipaka. Kuna idadi ya kozi ambazo ukizishindwa kwa mkupuo unarudia mwaka, na kuna GPA ambayo ukishuka chini yake unaondolewa chuoni. Vyuo vingine vimeweka 2.0, vingine vimewahi kutumia 1.8. Huko ndiko kwenye disko. Mtoto mwenye 2.9 yuko mbali nako. Huyo bwana wa simu alikuwa anawatisha na shimo lililo wilaya nyingine.

Jirani yako mwalimu alikueleza vizuri kwamba chuoni namba kubwa ndiyo nzuri, ila alipaswa kukueleza kabla ya jogoo. Lakini hajakueleza 2.9 inatoka wapi, na naona tuipige hesabu hiyo, kwa sababu ukiielewa hakuna atakayekudanganya tena.

Kila herufi ina pointi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Na kila kozi ina uzito wake, wanaita krediti. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inahesabu krediti moja kuwa ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa, na digrii ya miaka mitatu inahitaji krediti 360 angalau. Wewe unauza viazi, kwa hiyo hili utalielewa kuliko wazazi wengi wa mjini. Ukiuza gunia 12 kwa bei moja na gunia 8 kwa bei nyingine, huchukui bei mbili ukazigawa kwa mbili. Unazidisha kila bei kwa magunia yake, unajumlisha hela zote, ndipo unagawa kwa magunia yote.

Hukuniandikia karatasi yote, basi tuchukue mfano unaofanana nayo. Tuseme ana B+ kwenye kozi ya krediti 12, hiyo ni pointi 48. B ya krediti 12, pointi 36. A ya krediti 8, pointi 40. C ya krediti 8, pointi 16. Na ile D, krediti 12, pointi 12. Jumla pointi 152 kwa krediti 52. Gawa, unapata 2.92, inaandikwa 2.9. Kozi yenye I haimo kabisa. Baada ya sapu D inakuwa C, pointi 12 zinakuwa 24, jumla 164, na GPA inapanda hadi 3.15, inaandikwa 3.1 kwa kukata tarakimu ya mwisho. Umeona? Ile C uliyoiita wizi imempandisha. Na akiimaliza kozi ya krediti 8 yenye I kwa B, anaongeza pointi 24 kwenye krediti 60, anabaki 3.1 ile ile, ila sasa hana deni.

Hiyo 3.1 ni nini mbele ya mwajiri? Kwa kipimo hiki cha tano, daraja la kwanza linaanzia 4.4. Daraja la pili la juu ni 3.5 hadi 4.3, la pili la chini ni 2.7 hadi 3.4, na chini ya hapo mpaka 2.0 ni kufaulu kwa kawaida. Yeye yuko pili la chini, mahali walipo watu wengi wenye kazi na maisha yao, na vyuo vingi humpokea mtu wa 2.7 kwa shahada ya uzamili. Kama anataka kubaki chuoni kufundisha, hiyo ni habari nyingine, vyuo vya umma vinataka 3.8. Kufika daraja la pili la juu kunawezekana kwa hesabu, lakini nisikupe matumaini ya bure: kama wastani wake wa miaka miwili ni 3.1, basi mwaka wa tatu mzima anatakiwa apate kama 4.3. Yaani karibu kila kozi B+, na A zisizo chache. Muulize yeye kama anataka kujaribu. Usimwambie lazima.

Na hili la kuwa wa ngapi, kaka, liache. Darasani kwake huenda wamo 300, kila mmoja na kozi za kuchagua tofauti na mwenzake. Wa kwanza atapatikanaje? Hata NECTA ilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023 iliacha kutaja kumi bora. Swali linalofaa ni fupi zaidi: "Mwanangu, unadaiwa kozi gani, na itafundishwa lini?" Akikujibu hilo bila kusita, hakuna anachokuficha.

Yule dada wa mapokezi alifanya kazi yake sawasawa. Binti yako ni mtu mzima, matokeo ni yake, na sauti ya kwenye simu inayosema "mimi ni baba yake" inaweza kuwa ya mtu yeyote, hata ya yule yule mtu wa mitihani. Unafikiri alijuaje kwamba binti ana I? Ukitaka kujua maendeleo yake, mwombe afungue akaunti yake mbele yako. Nina hakika atakubali, kama alivyokubali kukupa ile karatasi ya kwanza. Mtoto anayeficha hachapishi matokeo kwenye duka la binamu yake.

Jumatatu asubuhi uwe kwa mtendaji. Ukishapata barua, panda gari la Mbeya uipeleke mwenyewe, usiitume kwa kondakta, na umsindikize binti mpaka mlango wa idara. Mlangoni ubaki nje, aingie yeye. Muda wa kurekebisha I mara nyingi huisha wiki chache tu baada ya muhula mpya kuanza, na barua yako imenifikia muhula ukiwa umeshaanza. Namba ya yule bwana uliyoniandikia pembeni sijaichapisha. Wapelekeeni TAKUKURU pamoja na zile meseji, siku hiyo hiyo mkiwa mjini.

Shangazi